Fumbo Lililojazwa kwa Patasi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alichonga penseli yake nyekundu. Aliibana katikati ya magoti, kisha akaikwangua kwa wembe kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umelala tangu ugonjwa. Maganda yalimwangukia mapajani. Akayapeperusha dirishani, akaiweka penseli sikioni, ndipo akaenda kunawa. Penseli yenyewe ilibaki fupi kama kidole, na haikuwa imeandika kitu siku nyingi. Iliisha kwa kuchongwa tu.

Huko gazetini alikokuwa akifanya kazi walimwita Bi Tiki. Kazi yake ilikuwa kusahihisha kurasa kabla hazijaenda kupigwa chapa, na ukurasa usiokuwa na tiki yake nyekundu haukutoka mlangoni, hata bosi akiwa amekasirika. Lakini alichokipenda zaidi ni fumbo la maneno, lile la miraba myeusi na myeupe. Walikuwa na desturi yao pale. Fumbo halikuchapwa mpaka Bi Tiki alijaze bila kuchungulia majibu, kisha asimame alieleze lote kwa mdomo: hapa neno limegeuzwa, hapa limejificha ndani ya jingine, hapa wanakuzuga uangalie kushoto. Jibu lisiloelezeka lilifutwa. Watu waliacha chai ipoe wakimsikiliza, na yeye alikuwa na vituko, alikuwa anawavuta kama anamwaga mtama kuku waje.

Halafu kiharusi. Alianguka kwenye beseni la nguo. Alipopata nafuu miguu ilirudi, macho yalikuwa sawa, masikio sawa, anasoma kila kitu na kukielewa. Maneno ndiyo hayakurudi. Akilifuata neno analiona kabisa, anajua lina herufi ngapi, lakini akifungua mdomo linatoka lile lile moja: kijiko. Akitaka maji, kijiko. Akiumwa kichwa, kijiko. Hata kuandika ilikuwa hivyo hivyo, mkono ulichora vijiti visivyo herufi. Kilichobaki mkononi ni tiki na mstari wa kukata kosa.

Mume wake alikuwa seremala, kila mtu alimwita Fundi, na kwa kweli hakuna mtu wa kumsema vibaya. Aliambiwa na muuguzi kwamba mgonjwa asiachwe kimya. Basi akawa ananunua gazeti kila siku, anakaa naye mezani na vumbi la mbao kwenye nyusi, wanajaza fumbo. Yaani anajaza yeye. Fundi alilichukulia fumbo kama fremu ya mlango: kitu kikikataa kuingia, unakichonga kidogo. Siku moja jibu lilikuwa godoro, yeye akaandika kitanda, herufi saba kwenye miraba sita, akazibana mbili za mwisho chumba kimoja.

"Umeona limeingia?" akasema. "Mambo ya mbao haya, mke wangu. Hakuna kinachokataa."

"Kijiko," akasema Bi Tiki.

"Nakuja nacho." Akaenda jikoni kweli, akarudi na kijiko, akakiweka pamoja na vingine. Mezani pale palikuwa na vijiko kama vya harusi.

Kisha jioni Fundi alikuwa anatoka uani na gazeti lililojaa, anamwonyesha dada yake aliyekuwa akikaa nao.

"Leo tena kamaliza lote!"

"Wifi kamaliza?" dada mtu akauliza. "Au mkono wa wifi umeanza kuandika kama wako?"

"Yeye ananiambia kwa macho. Mimi mwandishi tu."

"Haya, macho. Mimi yangu yananiambia sufuria inaungua."

Bi Tiki alisikia yote kutoka dirishani. Hakumkasirikia. Ila kila alipotazama ile miraba ilivyojaa pomoni na hakuna hata mmoja ulio sawa, na makosa yenyewe yameshikana vizuri kama milango ya Fundi, alijisikia kama mtu anayefunikwa taratibu.

Kiti chake gazetini kilikuwa bado kinamngoja. Bosi alikuwa ameweka mtu wa kushikilia, lakini wenye gazeti walitaka jibu mwisho wa mwezi: huyu mama anarudi au harudi? Bosi akasikia kwa watu kwamba siku hizi Bi Tiki anamaliza fumbo kila siku. Akafurahi. Akatuma salamu kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe na fumbo la kesho yake, walifanye kama zamani. Akilieleza, hata kwa kukwamakwama, Jumatatu arudi kazini.

Jumamosi hiyo Bi Tiki alivaa gauni la kazini. Wifi yake alimfunga vifungo vya mgongoni bila kutania.

Bosi alikaa kwenye kochi, akatandaza karatasi mezani. "Dada, pale hatulali," akasema. "Jana tumechapa tangazo la msiba juu chini. Marehemu kasimama kwa kichwa."

Bi Tiki akacheka. Kicheko kilikuwa bado chake.

"Tuanze na neno la kwanza la kulala. *Lima kinyumenyume, uwe tajiri nayo.* Herufi nne."

Alilipata hata kabla bosi hajafunga mdomo. Unachukua lima, unaikata katikati, unatanguliza ma, li inafuata. Mali. Akavuta pumzi.

"Pesa!" akasema Fundi. "Ameshaniambia, ona macho. Si ukilima unauza, unapata pesa? Herufi nne hizo." Akaandika.

Bosi akamtazama Fundi, akamtazama Bi Tiki, kisha akajifanya anapangusa miwani. "Twende la kusimama, linaanzia hapo hapo. *Ndani ya chumvi kuna dalili ya uzee.* Herufi tatu."

Mvi. Limekaa pale pale ndani ya chumvi, halijajificha hata kidogo, la mtoto.

"Linaanza na P," akasema Fundi, anajikuna kidevu. "Pua! Mtu akizeeka vyote vinasinyaa, pua inazidi kukua. Mwangalie marehemu baba."

"Na chumvi inaingiaje, shemeji?"

"Chumvi unainusa, bosi."

Mlangoni wifi akaziba mdomo kwa khanga. Lakini Bi Tiki alishatoa penseli sikioni. Akainama, akakata PESA kwa mstari mmoja mwekundu. Akakata na PUA. Mistari ilikuwa imenyooka kama ya zamani.

Bosi akasogea mpaka ukingoni mwa kochi. "Ehee! Huyo ndiye dada ninayemjua. Shemeji, tulia kwanza. Dada, kosa umelikata. Sasa nieleze. Ni nini hapo?"

 Aliliona neno. Aliona na jembe, na njia nzima ya kulieleza, pa kuanzia, pa kuchekesha, pa kusimama kidogo ili wamngoje. Jasho likamtoka puani. Akafungua mdomo.

"Kijiko."

"Pole pole, dada. Hatuna haraka."

"Kijiko. Ki... kijiko. Kijiko!" Akapiga meza kwa mkono mzima na vijiko vikaruka.

"Anataka uwekewe chai," Fundi akasema haraka. "Amekumbuka mgeni, umeona? Alipougua tu ungeona hivi?"

Bosi alikunywa chai hiyo. Aliimaliza yote, ikiwa ya moto. Alipokuwa anaondoka alimshika Bi Tiki mkono, ule uliolala, akasema, "Pumzika, dada. Pumzika kabisa." Hakusema lolote la Jumatatu, na karatasi yake akaikunja mfukoni.

Fundi alimsindikiza mpaka nje. Kurudi akasimama uani, sauti juu, majirani nao wasikie: "Bosi mwenyewe kaja! Kaona kazi yake, kafurahi mpaka kakosa la kusema! Kesho tunaendelea, na la keshokutwa!"

Dada yake alimpa mgongo. Alikuwa anaosha kikombe.

Asubuhi yake Bi Tiki alinawa uso kwanza. Penseli hakuichonga. Mume wake alikuwa ameshakaa mezani, gazeti limefunguliwa, anasoma kwa sauti neno la kwanza la kulala na anacheka peke yake kwa sababu analikumbuka.

"Hili tunalo tayari, mke wangu," akasema, akaandika pesa.

Bi Tiki akaiweka penseli juu ya meza, kati ya vijiko. Akavaa viatu vya kazini. Akapita nyuma ya kiti cha Fundi, akampangusa vumbi la mbao begani, akatoka.

"Usichelewe basi," Fundi akasema bila kuinua kichwa. "La chumvi nakungoja wewe."

Wifi alimwona akivuka uani, akadhani anakwenda chooni. Bi Tiki akapita choo, akapita geti, akaliacha wazi. Watu wanasema alionekana kwenye barabara inayokwenda gazetini, halafu wengine wanasema aliipita hiyo pia. Hakurudi.