Siku Niliyokataa Kuanguka

Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kilipobinafsishwa, tulipunguzwa wengi kwa siku moja. Nikajiunga na kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu, Mwembesongo. Baadaye akatufuata mwongozaji kutoka Dar, wa kimoja cha vile vituo vipya vya televisheni. Alitaka mchezo wa mume mlevi anayempiga mkewe sokoni, kwenye meza yake ya nyanya. Mke nikawa mimi.

Mume alikuwa mwenzetu aliyewahi kuwa askari kwenye kambi ya Ngerengere, mrefu, mpole hata kwa kuku. Wiki mbili tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule. Alinifundisha kofi la uongo: mkono unapita mbele ya uso, nageuza shingo, mtu wa nyuma anagonganisha viganja. Alinifundisha kuangukia bega. Nikamwomba anifundishe na kuangusha. Akanionyesha: shika mkono unaokuja, ingiza nyonga, vuta.

Mwongozaji alitukuta. "Hilo halimo. Mke anapigwa, anaanguka, analia. Basi."

"Kwa nini asirudishe?"

"Dada, watazamaji hawatakubali."

Mama yangu aliteremka milima ya Uluguru miaka yote na tenga la kabichi kichwani, na sikumwona hata siku moja akimlilia mwanamume. Nilishaamua.

Siku ya kupiga picha soko lilijaa watu. Kofi likapita, viganja vikalia. Nikabaki nimesimama. Mwenzangu akaniangalia machoni, akaelewa.

"Haya," akanong'ona, akaleta mkono wa pili.

Nikaushika. Akaenda chini pwaa, juu ya nyanya. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikafunika uso kwa kanga nikicheka mpaka machozi.

"Kata! Tunarudia, na safari hii unaanguka!"

"Rudia hata mara kumi. Sianguki."

Tulirudia mara tatu. Mara tatu mwenzangu alikula nyanya. Mwongozaji akafungasha vyombo vyake bila kuaga.

Mchezo ulirushwa Jumapili mchana. Tulibanana kikundi kizima sebuleni kwa jirani yetu, bibi mmoja mjane, mwenye televisheni pekee mtaani. Likaonekana kofi. Halafu nikaonekana mimi, uso ndani ya kanga, mabega yakitikisika. Kuangusha kulikuwa kumekatwa kote. Kicheko changu wamekigeuza kilio.

"Pole, mwanangu," bibi akasema. "Alikuumiza?"

Nikasimama. "Shikamoo, bibi, na unisamehe, lakini pale nilikuwa nacheka. Tokeni nje wote niwaonyeshe."

Uani tukasogeza ndoo na majiko. Mwenzangu akavua shati lake la Jumapili, akaleta mkono, nikamtupa kwenye udongo mtupu. Ua mzima ukapiga kelele. Akainuka akijipangusa, na kabla hajamaliza, bibi akajifunga kanga yake kibwebwe, akasogea mbele yake.

"Hebu lete huo mkono," akamwambia.