Medali ya Kichina Chumbani Deira

Kabla sijarudi Mombasa kufungua ofisi yangu mwenyewe, niliishi Deira, huko Uarabuni, katika chumba cha watu sita, na mwenye diploma nilikuwa mimi peke yangu. Jioni moja mwenzetu, msafishaji wa hoteli moja mtaa wa Al Barsha, alitoa soksini medali nzito ya rangi ya dhahabu. Mgeni alimpa akiondoka, naye akasahau kumwomba karatasi ya kuthibitisha zawadi, ambayo hoteli humdai mfanyakazi mlangoni akitoka nayo.

“Ikiwa dhahabu, kesho wataniita mwizi,” alisema.

Kichina sikukijua, lakini msomi haoni haya kuuliza. Nilimpeleka kwa mama wa Kichina aliyeuza mabegi mtaani kwetu. Aliigeuza, akacheka.

“Ukuta Mkuu wa China! Ukipanda, unanunua. Hata mimi ninayo. Bati tu, yalla, nendeni!”

Usiku ule niliandika barua kwa Kiingereza kilichonyooka, nikieleza medali ni ya nini na ilivyopatikana. Kesho yake meneja wake akaisoma, akaigonga muhuri. Jioni jamaa alirudi ameivaa shingoni.

“Kaka, leo diploma yako imefanya kazi.”

“Hufanya kazi kila siku,” nikamjibu. “Leo ndipo umeiona.”