Baba Hakuimbia Ukuta

Baba yangu aliimba muziki wa soul Dar es Salaam miaka ya sitini. Alivaa suruali za kubana na viatu vya kung'aa, akapiga magoti jukwaani akilia kwa Kiingereza ambacho nusu yake hakuielewa. Wasichana walizimia, alidai. Mama, ambaye alikuwa mmoja wao, alisema lilikuwa joto la ukumbi tu. Kisha wakubwa wakaamua kuwa soul ni muziki wa kigeni, wakaupiga marufuku, na bendi ikavunjika kabla haijaingia studio hata mara moja. Baba akawa karani wa bandarini hadi alipostaafu. Sauti ile haikubaki popote ila kooni mwake.

Na koo ndilo lililoota saratani. Nilimleta Dubai, ninakofungasha mizigo ya wafanyabiashara kule mtaa wa Naif, na daktari akasema bila kupepesa macho kwamba kisanduku cha sauti kitolewe chote. Nilimchukia daktari yule, ingawa hakuwa na kosa. Nilitaka kitu kimoja tu, nimrekodi baba kwenye simu kabla hawajamkata.

Akagoma.

"Siwezi kuimbia ukuta," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Niletee watu, mwanangu."

Ubishi wake naujua, basi nikaleta watu. Jumamosi, siku moja kabla ya kulazwa, chumba chetu cha mtaa wa Muraqqabat kilijaa Watanzania wenzangu wa kazini, pamoja na Mkenya ninayeishi naye, mlinzi wa duka kubwa, ambaye alitoka zamu na sare yake. Wakamwamkia baba, wakajibana kitandani na sakafuni. Nikawasha simu, nikaishika kifuani.

Mstari wa kwanza ulitoka umechakaa. Wa pili ukapanda, nikasisimka mwili mzima, nikajua kuwa mama alitudanganya kuhusu lile joto. Katika wimbo, baba alikuwa akimbembeleza mwanamke asiondoke. Ghafla akapiga goti, mzee aliyepita miaka themanini, kwenye zulia letu la plastiki.

Hapo tukashindwa kujizuia.

"Mzee amewasha!" Mkenya wetu alipiga kelele, akainuka na kumbandika noti ya dirhamu kwenye paji la uso. Wengine wakafuata kumtunza, foleni ikazunguka kitanda, makofi na vigelegele vikaenda pamoja. Nani anakaa kimya mwimbaji akipiga goti? Kwetu hayo ni matusi. Noti zilimdondoka baba pamoja na jasho, na sijawahi kumwona ana furaha vile. Alipomaliza nikamwomba wimbo mwingine.

"Khalas," alisema akicheka, yaani basi, neno la Kiarabu alilolidaka hapahapa Dubai. Kisha akakohoa mpaka tukamlaza.

Siku chache baada ya upasuaji, akiwa na tundu shingoni, aligusa sikio lake, halafu akaonyesha simu yangu. Nikambonyezea kwa majivuno. Mistari miwili ya mwanzo imo. Baada ya hapo ni sisi tu, na kigelegele kinachozidi vyote ni changu, kwa kuwa simu nilikuwa nayo mimi.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Akajigusa kifua, kisha akanigeuzia kiganja kitupu, akiniuliza yeye yuko wapi.

"Umo, baba," nikamwambia. "Subiri."

Nikarudisha mwanzo, nikaongeza sauti hadi mwisho, na kigelegele changu kikajaa wodi nzima.