Wimbo Ulioteremsha Maziwa

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, upande wa Kapkatet, nikamkuta kaka yangu akikamua ng'ombe kwa mashine. Mashine ilinguruma, ng'ombe akatafuna, na kaka yangu alikuwa ameegemea nguzo akisoma simu. Hakuna aliyekuwa akiimba. Nilisimama mlangoni nikakumbuka, rafiki yangu, kwamba katika boma hilihili, miaka ya tisini, mwimbaji chipukizi kutoka Wales alipata hadhira yake ya kwanza, na hadhira hiyo ilikuwa na pembe.

Alikuja kujitolea kufundisha katika shule yetu ya msingi, akiwa msichana ambaye hajatimiza miaka ishirini, akapewa chumba kwa nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyowaita nyanya zao. Alikuja na gitaa, koti la mvua na nia moja: kurudi kwao akawe mwimbaji wa nyimbo alizotunga mwenyewe. Ukimwita Mwingereza, alinuna. Alieleza kwamba kwao ni vilima, mvua, mifugo, na lugha ndogo ambayo majirani wakubwa hawajishughulishi kuijua. Kogo alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea ugali.

"Huyu ni wetu," akasema. "Ni jua tu halikumfikia."

Wakati huo shangazi yangu alikuwa akiposwa. Koito, siku ambayo wazee wa pande mbili huketi kukubaliana ndoa, ilikuwa imebakiza majuma matatu, na koito bila mursik haijulikani kwetu. Mursik ni maziwa yanayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa; hutaka siku nyingi, na heshima hutaka yatoke katika boma la bibi harusi. Kogo alikuwa amepanga vibuyu vitano. Ndipo ndama wa ng'ombe wetu wa pekee akafa, na mama yake akakataa katakata kuteremsha maziwa.

Kogo alimwimbia nyimbo za kukamulia alizorithi kwa mama yake. Ng'ombe akaipiga ndoo teke. Jirani wa ng'ambo ya shamba la majani chai, mwanamke aliyekuwa na ng'ombe watatu na sauti ya kuwatangaza, alileta pole yenye ladha ya dhihaka.

"Mama, si nikuletee mursik yangu tu? Wageni watajuaje?"

"Watajua," Kogo akajibu, "kwa sababu utawaambia."

Jioni moja mvua ya mawe ilimkuta mgeni wetu uani, akakimbilia kibanda cha ng'ombe na gitaa lake. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kuimba polepole wimbo aliokuwa akihangaika nao tangu afike. Ng'ombe akatega masikio. Kogo, aliyechuchumaa na ndoo bila matumaini, akahisi kiwele kikilainika mikononi mwake. Msichana alipoona anakodolewa macho, alidhani anasumbua, akanyamaza.

"Wewe! Imba! Nani amekuambia unyamaze?"

Aliimba ubeti uleule mpaka ndoo ikajaa. Kisha Kogo akanigeukia mimi, mkalimani wa darasa la saba. "Anasema nini?"

"Anasema kijana alimwacha kwa stesheni ya treni, na mvua ilikuwa inanyesha."

Kogo akamtazama msichana, akamtazama ng'ombe. "Basi wameelewana. Wote wameachwa."

Hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza: maonyesho mawili kwa siku, alfajiri na jioni. Wimbo wake wa furaha ulipigwa teke. Mwingine, wenye maneno mengi, ulisikilizwa kwa adabu, lakini Kogo akaukataa: "Huu hauna maziwa." Msichana alirudi chumbani akafuta, akaandika upya, akaja na ubeti uliochongeka zaidi. Nimesoma chuoni, nimekutana na wahariri, lakini sijaona aliye mkali kama ng'ombe yule.

Kibuyu cha tatu kilipojaa, barua ikaja: bendi moja ya kwao ilimtaka haraka. Alilia, akacheka, akalia tena. Kogo alimpongeza, kisha akauliza kwa upole wa kutisha, "Na hivi viwili?"

Tuliokolewa na fundi wa kiwanda cha chai, mtu wa kutoka pande za ziwani aliyepanga karibu nasi. Alifika na redio kaseti yake, amevaa shati la Jumapili, akatupanga sote kibandani.

"Dada, sogea hapa karibu. Mama, tafadhali, kukohoa ni baadaye. Na huyo," akamwonyesha ng'ombe, "mwambieni hii ni kurekodi, si mchezo."

Msichana akaondoka, kanda ikabaki, na kwa siku nne ilifanya kazi bila lawama. Siku ya tano betri zilichoka. Sauti ya msichana ilizama, ikazama, hadi ikawa ya mzee mwenye mafua. Ng'ombe akainua mguu. Kibuyu cha mwisho kilikuwa nusu, na siku za kugandisha zilikuwa zikielekea kwisha. Kogo akaizima redio, akapaza sauti, akaendelea pale msichana alipoishia. Hakujua Kiingereza, wala ile lugha ya vilimani iliyokuwa kwenye kiitikio. Aliimba maneno yaliyofanana na yale kama mtoto anavyofanana na mjomba wake, kwa uhakika wa mtu aliyeutunga wimbo mwenyewe. Mguu ukashuka. Baada ya mguu, maziwa.

Siku ya koito wageni walivimaliza vibuyu vyote vitano, na mzee mmoja akafumba macho kabla ya kumeza. Jirani yetu alikunywa vikombe viwili bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Msichana alituandikia mara mbili. Bendi ilivunjika, akapata nyingine. Alikuwa akiimba katika baa ambako watu waliongea bila kumjali. Kogo aliposomewa alisikitika kwa dhati: "Hao hawajafikia ng'ombe." Kisha barua zikakoma, nasi hatukujua alifika wapi. Kogo aliuimba wimbo ule kwa ng'ombe waliofuata na kwa wajukuu waliofuata, akiugeuza kidogo kila mwaka, hadi alipotutoka. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mimi ndiye niliyepaswa kuyatunza maneno. Lakini nikijaribu sasa, yanayonijia ni yale ya Kogo, yasiyo ya lugha yoyote, na siwezi hata kukuambia kama yule kijana wa stesheni alirudi.