Taya Lililovunjwa Busiu

Nyumba yetu ya Nkoma, mjini Mbale, ilinuka gundi msimu ule wote wa mahindi mabichi. Baba, mwalimu wa sayansi, alikuwa akiunganisha vipande vya taya aliloliokota Napak, Karamoja, alikowahi kufundisha. Lilikuwa limegeuka jiwe, zito, jeusi kama sufuria ya kuni, na gego lake moja lilinijaa kiganjani. Wataalamu humwita mnyama huyo Hyainailouros: mla nyama mkubwa kuliko simba, si fisi wala paka, aliyetoweka kabla binadamu hajaikanyaga dunia. Jina hilo nililiimba nikiosha vyombo.

Wanajeshi ndio waliokuwa wakitawala wakati huo. Baba alipohamishiwa shule moja ya Mpumudde, Jinja, alilifunga taya kwa shuka, tukapanda basi, yeye, mama na mimi. Busiu tukakuta kizuizi. Tukashushwa, mizigo ikafunguliwa kando ya shamba la watu.

"Mwalimu, hii nyama gani?" askari mmoja akauliza.

Baba akamweleza kwa upole, kama anavyomweleza mwanafunzi. Askari akacheka, akamwamuru apige magoti barabarani, akamtwika lile jiwe kichwani. "Sasa lia kama yeye."

"Afande, hakuna mtu aliyewahi kuisikia sauti yake."

Alisema kweli, na kwa ukweli huo akapigwa kitako cha bunduki mdomoni. Taya likaanguka kwenye lami, likapasuka. Askari akayaokota magego. "Hii dawa ya risasi," akawaambia wenzake. Mama akanikumbatia, akaninong'oneza, "Mwenye nguvu mpishe." Methali hiyo nimeichukia tangu siku ile, kwani anayepishwa kila siku huona barabara ni yake.

Baba alianza kazi Mpumudde akiwa na nyuzi za kushonwa mdomoni. Alimchora mnyama yule ubaoni, jino baada ya jino, na yaliyompata Busiu hakuyataja mpaka tulipomzika.

Siku hizi mabasi yanapita pale bila kusimama. Kinachonichoma ni wazee wenzangu wanaosema enzi zile kulikuwa na nidhamu. Juzi msibani, mmoja alilirudia hilo mbele ya vijana. Nikaweka sahani chini, nikawasimulia vijana jinsi baba alivyopigishwa magoti, mpaka chakula kikapoa.

"Mama, hayo yamepita," mzee yule akaniambia.

"Yamekupita wewe," nikamjibu.