Siku Nilipoeleza Historia ya Neno "Nice" kwa Mama Wafula

Sogea hapa karibu, msikilizaji wangu, nikwambie jinsi nilivyokaribia kumharibia mtoto ndoa kwa sababu ya neno moja la Kiingereza, tena neno dogo ambalo hata watoto wa nasari wanalijua. Naona haya kusimulia, lakini kuna mahali nitajisifu kidogo, na tukifika hapo tafadhali usinikatize.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Nakuru. Njeri ni mtoto wa dada yangu marehemu, nimemlea tangu akiwa mdogo, nikamfundisha mpaka darasani, na sasa ni fundi wa mitambo kule Olkaria, kwenye kiwanda cha umeme wa mvuke, anavaa helmeti na wanaume wanamsikiliza. Huko ndiko alikompata Wafula. Mama yake Wafula ni mjane, anauza samaki mtaani Kaptembwo, na tulikuwa tumesikia kwamba anaiogopa nyumba yetu. "Hao ni watu wa vitabu," alikuwa amesema, "watatudharau." Kwa hivyo walipokuja nyumbani kwangu, huku Bahati, siku ya ruracio, kuzungumzia mahari, niliapa moyoni kwamba huyo mama ataondoka akijua anaheshimiwa.

Baada ya chakula akapewa maiki. Akatusalimia kwa Kiswahili, akarekebisha leso, akavuta pumzi, halafu akasema kwa Kiingereza: "Njeri is a nice girl." Basi. Sentensi moja, na Wafula alituambia baadaye kwamba alikuwa ameifanyia mazoezi huku akipaa samaki. Tenti nzima ikapiga makofi, na mimi machozi yakanilenga.

Mtu mwenye akili angesema asante na kukaa. Mimi niliamua kumjibu kwa Kiingereza, ili sentensi yake isibaki peke yake, na kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hata kwenye sherehe, nikaona nimpe zawadi: historia ya neno alilolichagua. Shemeji yangu Karanja, ambaye kanisani kwetu hutafsiria wahubiri wageni, akanyakua maiki ya pili kabla hajaombwa. (Kama umewahi kumwona mkalimani wa kanisa akiwa kazini unajua shida inakuja, maana hatafsiri maneno tu, anatafsiri mpaka mikono na jasho, na sauti anaongeza yake.)

Nikaanza mwanzo kabisa, kama darasani. Nikasema neno hili lina asili ya Kilatini, na kwamba hapo zamani mtu aliyeitwa nice alikuwa mjinga, mtu asiyejua kitu.

"Mtu nice ni mjinga!" Karanja akanguruma. "Hajui kitu!" Na kidole chake, kwa mazoea ya kunyooshea viti vya mbele, kikatua kwa Mama Wafula.

Sikushtuka bado. Nilinyamaza kidogo nivute pumzi, kwa sababu sentensi iliyofuata ndiyo ilikuwa tamu, na Karanja akaona kimya hicho akakijaza vile anavyokijaza Jumapili: "Hebu mgeukie jirani yako, umwambie, mtu nice ni mjinga!"

Na watu wakageuka! Wageni na wenyeji, wazee na vijana, wakaambiana vizuri kabisa, wengine wakipeana mikono, na sauti moja huko nyuma ikasema amina.

"Ngojeni, sijamaliza!" nikapiga kelele.

"Ngojeni! Hajamaliza!" Karanja akarudia, kwa sauti ya mtu anayeahidi mabaya zaidi.

Mama Wafula akasimama, akachukua mkoba wake. "Kiingereza changu ni kidogo, Mwalimu," akasema polepole, bila maiki, "lakini sikuja hapa kuchekwa. Wafula, twende."

Nikamkimbilia, kisigino cha kiatu kikazama kwenye nyasi, nikakiacha hapo, nikamfikia getini nikiwa na kiatu kimoja na kumshika mkono. "Mama, unajua baada ya Kilatini neno likaingia Kifaransa..." (Ndiyo, hata hapo nilikuwa bado naeleza.) Akautoa mkono wake.

Ndipo Njeri akatoka nyumbani. Kwa desturi yetu hakutakiwa kuonekana kabla ya kuitwa, alikuwa amefunikwa leso pamoja na wasichana wengine ili Wafula amtambue, na alikuja mbio leso ikiwa bado kichwani.

"Mum," akamwambia Mama Wafula, "Anti ameliacha neno njiani. Niruhusu nilifikishe."

Mama akaubana mkoba kwapani, akasubiri.

"Lilianzia kwa mjinga, ni kweli. Baadaye likawa la mtu mwenye haya, likawa la mtu anayechagua-chagua, halafu la mtu makini, anayeangalia vitu vidogo asikosee, kama mimi kwa mitambo. Mwisho ndiyo likawa la mtu mzuri, wa kupendeza. Limepanda miaka na miaka, Mum, na wewe umenipa likiwa limefika juu. Anti alikuwa bado anafunga viatu kule chini."

Sasa hapa ndipo ninapojisifu. Somo hilo nilimfundisha mimi, akiwa kidato cha pili, na siku hiyo ningeapa kwamba alikuwa amelala.

"Kwa hivyo sikukosea?" Mama Wafula akauliza.

"Hukukosea hata kidogo."

Akanigeukia. "Na wewe Mwalimu, ulishindwa kuanzia huko juu?"

"Ningeweza, mama. Nisamehe."

Akanitazama, akateremsha macho mpaka mguu wangu ulio wazi, mdomo ukaanza kumcheza. "Basi leo hata wewe ni nice," akasema. "Ile ya zamani."

Tukarudi kwenye tenti tumeshikana mikono. Akampokonya Karanja maiki, akawaambia watu wageukie majirani zao na kuwaambia kwamba Njeri is a nice girl, na watu wakageuka tena, na mimi nikasimama pale na kiatu kimoja, nikiwa mwalimu mwenye fahari kuliko wote wa Bonde la Ufa.

Nawe siku ukipewa maiki umsifu mtu, taja sifa kwanza, kaa chini, na historia uieleze wakati wa chai.