Shuka ya Kuazima Darajani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomkana baba yangu mzazi kwa Kiingereza. Nakumbuka mpaka tope lililokuwa kwenye viatu vyangu. Wewe umekuja kuniuliza habari za daraja la toroli kule Oldeani kwa sababu wiki ijayo unaanza kuongoza watalii, na umekaa hapo na daftari lako ukingoja nikutajie lina nguzo ngapi. Nguzo ni saba. Andika. Sasa funga daftari unisikilize, maana hayo ya nguzo hata simu yako ingekuambia. Hili jingine hulipati isipokuwa kwangu, na mimi mwenyewe sipendi kulisema.

Enzi hizo barabara ya kutoka Makuyuni kuja Karatu ilikuwa bado ya vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza kinanitoka bila kukwama. Nikapata kazi kwenye kambi moja ya watalii karibu na geti la Ngorongoro. Bosi akanitazama nilivyo mrefu na mwembamba, akasema wageni wanapenda Mmasai. Nikamwambia mimi ni Mwiraqw, kwetu Oldeani. Akasema hayo ya kwetu nimwachie mama yangu. Nikapewa shuka nyekundu, rungu, na jina la Lemayani.

Sikusita, mwanangu. Aibu yangu inaanzia hapo, usidhani inaanzia darajani. Nililipenda lile jina. Vijana wa Kimasai waliokuwa pale kambini, watu wa Oloipiri, walinicheka mpaka wakashika mbavu, wakasema nimefunga shuka kama mtu aliyetoka kuoga. Lakini wageni hawakuona tofauti. Wakila, mimi nawahadithia kwamba nimezaliwa ndani ya kreta, na kwamba baba yangu akiwa na umri kama wangu aliua simba kwa mkuki. Baba yangu ninayemjua mimi alikuwa anaogopa hata nyuki.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wazee wetu hawakuwa na haya katika kusema kweli. Mimi nilijiona nimesitirika kabisa, tena nimependeza.

Basi wakaja wageni wawili, mume na mke, watu wazima wenye mvi. Yule mume alikuwa amefanya kazi ya reli kwao maisha yake yote, na baada ya kustaafu akawa anazunguka dunia kutazama madaraja ya zamani ya reli. Watu wana mambo. Wenzake wanakuja kuona faru, yeye kabeba ramani iliyochakaa, anagusa kwa kidole: hapa, Oldeani, kwenye shamba la kahawa, palikuwa na daraja la mawe la reli ndogo ya toroli. Alitaka kuliona hilo kabla hata ya kushuka kreta.

Daraja lenyewe nililijua sana. Nimechunga mbuzi chini yake, na nyumba ya baba yangu iko ng'ambo ya korongo, hapo hapo. Nikawaambia barabara ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Nikawaambia hakuna cha kuona. Mzee wa watu akasema hata likiwa limebaki jiwe moja, ataliona hilo moja. Bosi akatoa gari.

Dereva alikuwa Elibariki, mtu wa Samunge, mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Njia nzima gari linapiga mashimo na mimi naomba kimoyomoyo baba awe amekwenda mnadani.

Tulifika saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala korongoni, na daraja likawa linajitokeza humo taratibu, nguzo baada ya nguzo, mawe meusi yaliyochongwa kwa mkono, majani yameota kwenye matao. Reli zenyewe zilishang'olewa zamani. Ukiingia nyumba za kule utazikuta ni boriti za paa. Yule mzee akavua kofia. Hakupiga hata picha kwanza. Nilishangaa kuona mtu mzima anavua kofia mbele ya mawe ambayo mimi nilikuwa nayakojolea nikichunga mbuzi.

Ndipo baba akatokea chini ya tao, mundu mkononi, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, suruali imekunjwa mpaka magotini. Aliponiona akautua mzigo. Akaniita, Boay, jina langu alilonipa yeye, kisha akaendelea kwa Kiiraqw akiniuliza mbona sikutuma habari kwamba nakuja, mama yangu angechinja kuku.

Yule mama mgeni akaniuliza mzee anasemaje. Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba mzee ananifananisha na mtu mwingine. Kisha nikamgeukia baba, nikamsemesha Kiswahili, ambacho nyumbani kwetu hatukukitumia sisi kwa sisi.

"Shikamoo, mzee. Wageni hawa wanataka kujua habari za daraja."

Baba aliitazama shuka. Akalitazama rungu. Halafu akanitazama usoni, nami nikainamisha macho.

"Marahaba, kijana," akasema, naye kwa Kiswahili.

Na akaeleza. Baba hakuwa msemaji, lakini siku ile alieleza vizuri kuliko mwongoza wageni yeyote niliyewahi kumsikia. Alisema baba yake, yaani babu yangu mimi, alikuwa mmoja wa waliochonga yale mawe wakati wa walowezi. Nguzo ya tatu ilizama mara mbili kwenye matope, na mara ya tatu watu waliingia majini mpaka kifuani wakaishindilia kokoto kwa siku nyingi ndipo ikasimama. Yeye mwenyewe alianza kusukuma toroli za kahawa juu ya daraja angali mdogo kuliko mimi, kutoka mashamba ya juu mpaka kwenye mashine ya kumenyea. Mvua ikinyesha walijifunga magunia miguuni wasiteleze. Siku moja toroli ikamshinda, ikamburuza. Akainua mguu akatuonyesha kovu kwenye ugoko. Kovu lile nimeliona tangu nazaliwa, na sikuwahi kuuliza limetoka wapi.

Mimi nilikuwa natafsiri nusunusu, nikitaka yaishe tuondoke. Yeye anasema maneno kumi, mimi natoa mawili. Na habari ya maana kuliko zote nilizowahi kuwapa wageni ilikuwa hiyo, inatoka nyumbani kwetu, nami naikata.

Yule mzee wa reli akapiga goti kwenye majani mabichi, akaweka kiganja juu ya mawe ya nguzo ya tatu. Mkewe akaniambia nimuulize baba: haya yote ameshamsimulia nani? Ana watoto?

Nikauliza. Mwanangu, hebu fikiri, kusimama mbele ya baba yako ukamuuliza kama ana watoto. Baba akaufuta mundu kwenye koti, pande zote mbili, hakuwa na haraka.

"Mwambie ninaye kijana mmoja," akasema. "Amekwenda Ngorongoro, yuko huko kwa Wamasai. Nasikia anaendelea vizuri."

Unaona? Alinisitiri. Mimi namkana, yeye ananifunika. Kilichobaki kwangu kilikuwa kutafsiri maneno yale kama yalivyo, basi. Lakini nikaingiwa na hofu. Kijana, Ngorongoro, Wamasai. Wale wageni hawakuwa wajinga, wangejumlisha. Nikasema kwa Kiingereza: hana mtoto.

Baba hakujua hata Kiingereza cha kuombea maji. Lakini huruma aliijua. Yule mama alimsogelea, akamshika mikono yote miwili kama tunavyowashika wafiwa, na machozi yanamlengalenga. Baba akaitazama ile mikono, kisha akanitazama mimi, na nikajua amejua nilichosema. Baada ya hapo walitaka kutupiga picha, mimi na yeye. Tukasimama, mimi na shuka yangu, yeye na koti lake, na kati yetu nafasi ya mtu wa tatu.

Kwenye gari Elibariki alihangaika na usukani mpaka tulipotoka kwenye tope. Kisha akasema polepole, macho yakiwa njiani, "Yule mzee mmefanana masikio." Ningefurahi kama angenitukana.

Mwezi uliofuata nikapewa likizo. Nikavaa suruali yangu, nikanunua sukari na kitenge cha mama, nikaenda nyumbani nikijipa moyo kwamba baba ameshasahau. Nilimkuta kwenye mlango wa zizi. Akanipokea vizuri mno. Akamwita mama, akamwambia tumepata mgeni kutoka Ngorongoro, alete kiti kile kizuri. Mama akacheka akidhani ni utani. Alipoona baba hacheki, akaleta kiti.

Nilinawishwa mikono na mama yangu mwenyewe. Kuku akachinjwa, na firigisi, ambayo kwetu ni ya baba, akaniwekea mimi. Alizungumza nami Kiswahili cha heshima, habari za mvua na habari za huko nitokako. Nikiinuka kuchota maji, ananiambia, kaa, mgeni wetu. Nikishika kamba ya ndama, anaipokea, anasema mgeni hatumwi. Nyinyi siku hizi mkitumwa dukani mnavuta midomo. Hamjui kutumwa ni nini. Kutumwa ni kwa mtoto wa nyumba.

Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Nikaingoja hiyo siku ya tatu kwa hamu. Asubuhi nikalichukua jembe mwenyewe nikaenda kwenye mahindi. Baba akanifuata, akalitoa mkononi mwangu taratibu, bila hasira. Nikapiga magoti pale pale kwenye matuta, nikalia, nikamwomba anisamehe.

"Mimi niliwaambia ninaye kijana," akasema. "Wewe ulimwambia yule mama nini?"

Nikamwambia. Nililisema neno lile kwa Kiiraqw, na kwa lugha niliyofundishwa na mama yangu lilitisha zaidi. Baba akaniambia nimrudie yule mama nikamweleze kweli. Nikasema wamekwisha kupanda ndege, kwao ni mbali mno. Akaanza kulima, mimi nimesimama pembeni na mikono mitupu.

Nikarudi kambini, nikamwambia bosi mimi siitwi Lemayani. Akanitoa kwa wageni akanipeleka jikoni kuosha masufuria, na niliosha karibu mwaka mzima. Nikatafuta anwani ya wale wazee kwenye kitabu cha wageni, nikawaandikia barua. Kabla sijaifunga, nikaipeleka nyumbani. Baba akataka nimsomee kwa Kiiraqw, mama akiwepo. Nikasoma nimesimama: kwamba mimi si Mmasai, jina langu ni Boay, kwamba yule mzee wa darajani ndiye baba yangu mzazi, kwamba yeye alisema ana kijana, na mimi ndiye niliyesema hana. Mama alikuwa hajui hilo. Akajifunika uso kwa kanga.

Baba akainuka, akachungulia zizini. Mimi nimebaki na karatasi mkononi, sijui niiweke wapi.

"Ng'ombe hawajanyweshwa," akasema kwa Kiiraqw. "Unangoja nini?"

Nilikimbia, mwanangu. Kijana mzima, na viatu vya mjini, nilikimbia kuwapeleka ng'ombe majini huku machozi yananitoka.

Najua ungependa niishie hapo. Hata mimi. Lakini barua ile niliituma posta ya Karatu, na haikujibiwa. Labda ilipotea, labda wale wazee walikuwa wamehama au wamefariki. Baba amelala kaburini miaka mingi sasa, ameacha wajukuu na vitukuu. Na huko ng'ambo, kwenye nyumba nisiyoijua, huenda mpaka leo kuna picha ya Mmasai wa uongo amesimama na mzee maskini asiye na mtoto. Baba alinisamehe, mimi nimeshindwa kumrudishia kilicho chake. Hilo likinijia nikiwa mezani, chakula kinanishinda. Naona aibu hata sasa nikikuambia, na wewe ni kama mjukuu wangu.

Basi shika haya. Kazi ya kuongoza watu ni kazi njema, ifanye, na ukipewa nguo ya kazi, vaa. Lakini jina lako na wazazi wako usimpe bosi yeyote akuwekee stoo. Waliosema mkataa kwao mtumwa hawakuwa na maana ya mtu aliyehama. Hata nyumbani kwenu, umesimama mlangoni, unaweza kukana kwenu. Kabla hujaenda kuwaeleza wageni habari za mawe ya Oldeani, kawaulize kwanza wazee wa nyumbani kwako makovu yao yametoka wapi. Na ukiteleza, maana utateleza, ulimi hauna mfupa, rekebisha wageni wangali wamesimama mbele yako. Usiseme nitaandika barua.

Nenda sasa. Mungu akupe mvua ya kiasi na wageni wa heri. Akupe kazi isiyokuvua utu. Na siku baba yako au mama yako atakapokuita mbele za watu, vyovyote atakavyokuwa amevaa, Mungu akupe sauti ya kuitika.